Kikao cha databesi kimesogezwa Alhamisi

Aslam aleikum jamaa. Kikao cha Jumatano sasa ni Alhamisi saa kumi na nusu, baada ya alasiri, palepale ofisini Lamu Road, stima ikipotea tutashuka kwa mama wa mahamri.

Ajenda ni sera za otomatiki (kanuni mfumo unazofuata wenyewe) kwenye databesi ya vifaa, maana seva na rauta zilizokufa zamani bado zasomeka ziko kazini na mtu akitoa ripoti anadanganywa. Napendekeza:

1. Kifaa kisipoonekana kwenye skani (mfumo ukipekua mtandao kutafuta vifaa) siku 60, mfumo wenyewe umuulize mwenye nacho, kipo ama hakipo.
2. Asipojibu wiki 2 rekodi inawekwa "kimestaafu", halafu akaivu (inatunzwa kando), kufuta ni mwisho kabisa.

Hapo kwa kufuta ndo nataka tubishane, coz rekodi ya seva moja imeshikana na programu kibao, ukiifuta hivi hivi mahusiano yote yanaenda nayo na siku huduma ikilala hujui nini chategemea nini. Laptopu za stoo nazo zisiguswe jamani, skani haizioni coz zimezimwa lakini ni nzima, kwa hivyo sera iangalie hali ya kifaa kwanza. Tutaanza na majaribio, mfumo utoe listi tu bila kubadilisha kitu.

Kila mtu aje na listi ya vifaa vyake. Chai ni 150 kwa kichwa, mtumieni mweka hazina kabla ya Jumatano usiku.

Nijibuni hapa "nipo" ama "sipo" kufikia kesho saa sita mchana. Walioko Lamu semeni niwatumie linki ya kuingia kikaoni.