Kompyuta inatukosea watu wa Kigoma kwa sababu haijatusikia vya kutosha

Mhariri, salaam na pole na kazi.

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kwenye barua kuhusu hizi programu za kuongea halafu kompyuta inakuandikia. Mengi aliyosema sina ugomvi nayo, kwamba zinakula bando, kwamba zinakosea, sawa kabisa. Ila pale aliposema zinatukosea sisi wa huku magharibi kwa sababu Kiswahili chetu kibovu, na dawa yake tujifunze kuongea kama watangazaji wa Dar, hapo nimeshindwa kunyamaza. Jamani! Wale wapelelezi Waingereza, Burton na Speke, wamefika Ujiji, hapa hapa Kigoma, 1858 wakakuta wafanyabiashara wa pwani wameshapiga kambi kitambo, Kiswahili kimekaa pale kabla babu yake na babu yangu hawajazaliwa, leo tuambiwe hatujui kuongea kisa laptopu imeandika vibaya?

Mimi kazi yangu ilikuwa taipu. Nilianza na zile mashine za chuma za kugonga na karatasi za kaboni, nikaja kompyuta, nikastaafu, sasa nachapa nyumbani hapa Katubuka, mihtasari ya vikao vya vikoba, barua za kuomba kazi, ripoti za fildi za wanachuo, mikataba ya viwanja. Vidole vimeanza kukaza hasa asubuhi, ndo maana kijana wangu akaninunulia hedifoni yenye maiki akasema mama wewe ongea tu. Kwa hiyo naandika kama mtu anayezitumia hizi programu kila siku kwa kazi ya kulipwa, sio mtu aliyejaribu mara moja akakasirika.

Na nianze na hili la maiki maana nadhani nusu ya makosa anayolalamikia msomaji yanaanzia hapo. Watu wanaweka laptopu mezani, wao wako kwenye kochi, wanaongea. Ile maiki ya ndani ya laptopu inasikia feni, inasikia kuku, inasikia bodaboda inayopanda mlima, inasikia redio ya jirani, halafu inakusikia na wewe kwa mbali, sasa unategemea nini? Hedifoni ya waya ya bei ya kawaida inasaidia sana, maiki ikae pembeni ya mdomo, isikae mbele kabisa, ikikaa mbele kila ukitamka p au b pumzi inaipiga. Funga dirisha la upande wa barabara. Ikipigwa adhana subiri iishe. Mvua ikianza kwenye bati mimi naacha kabisa naendelea kwa mkono, hakuna programu inayoiweza mvua ya Kigoma ya mwezi wa pili.

Kingine ni namna ya kuongea. Wengi wanatamka neno moja, wanangoja, neno lingine, wanangoja, kama mwalimu anayewapa watoto imla, wakidhani wanaisaidia. Kumbe wanaiharibia. Hizi programu haziangalii sauti peke yake, zinapima pia maneno gani huwa yanakaa karibu na maneno gani, kwa hiyo ukiipa sentensi nzima kwa mwendo wako wa kawaida inapata pa kushikia, ukiipa neno moja lililosimama peke yake inabaki kubahatisha. Mimi naifikiria sentensi kwanza kichwani, naitoa yote, nanyamaza, nafikiria nyingine. Inachosha mwanzoni maana tumezoea kufikiri huku vidole vinatembea, ila ukishazoea hutaki kurudi.

Alama ndo kizaazaa. Kwa Kiingereza na lugha chache za Ulaya unasema alama kwa mdomo nayo inaiweka. Kwa Kiswahili, kwenye programu ninayotumia mimi, nikisema nukta inaandika neno nukta, nikisema aya mpya inaandika aya mpya, basi unapata ukurasa mzima umeungana mwanzo mwisho hauna pa kupumulia. Kwa hiyo naacha, namwaga maneno yote halafu nazipanga alama kwa mkono, na hapo hapo ndo nasoma upya.

Na kusoma upya nasisitiza, tena kwa mtu anayechapa vya watu. Makosa ya kuchekesha hayana shida, jina la mahali kama Buhigwe likitoka kitu kingine unaona tu mwenyewe. Hatari ni yale yanayopita kimya kimya. Kwenye muhtasari wa kikoba kimoja nilisema mwanachama fulani hatalipa faini, mashine ikaandika atalipa faini. Herufi moja tu ya mbele imemezwa na maana imegeuka, na sentensi yenyewe imenyooka, haina mstari mwekundu wala nini, jicho linapita. Kiswahili chetu kinabeba mambo mengi mwanzoni mwa kitenzi, nani, lini, ndio au hapana, vyote kwenye vipande vidogo ambavyo mdomoni vinapita haraka, na mashine inateleza hapo hapo. Sasa hivi nikifika kwenye kukanusha natamka kwa kukaza na nikisoma naanza kutafuta hizo. Nyaraka za kesi na mambo ya ndoa za watu mimi sizitamkii kabisa, nachapa kwa mkono, maana programu nyingi za Kiswahili zinapeleka sauti yako kwenye kompyuta za mbali huko kupitia intaneti ndo zinarudisha maandishi, na mteja hakunipa siri yake niitembeze.

Sasa tuje kwenye hoja ya Kiswahili kibovu.

Miaka ya nyuma nilifanya kazi ofisi ya shirika moja lililokuwa linahudumia wakimbizi upande wa Kasulu. Kulikuwa na bosi mmoja mzungu, Kiingereza chake lafudhi ilikuwa inatushinda hata sisi tuliozoea wazungu, wenzie wazungu wenyewe walikuwa wanamwambia rudia. Lakini alikuwa na Dragon, programu ya kuandika kwa sauti, kwenye kompyuta yake na ilikuwa inampata vizuri tu, anaongea ripoti ya kurasa kumi amekaa na kahawa. Kwa nini? Kwa sababu ilimjifunza yeye. Programu za enzi zile ukishaiweka ilikuwa inakupa maandishi uisomee kwa sauti, inatengeneza faili la sauti yako wewe, na kila ukirekebisha neno inazidi kukuzoea. Hakuna aliyemwambia yule bosi akajifunze kuongea kama watangazaji wa London.

Na teknolojia yenyewe imetoka mbali. Kampuni ya Marekani ya Dragon Systems ilipotoa programu yake ya kwanza ya watu wa kawaida 1990 ilikuwa dola 9,000, na ulikuwa lazima usimame kila baada ya neno. Ya kuongea mfululizo, Dragon NaturallySpeaking, ikaja 1997. Ila ilikuwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na wenzao wachache, Kiswahili hakikuwemo. Google ndo wakaweka Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti Agosti 2017, kikaingia pamoja na Kiamhari, na nilifurahi kweli.

Lakini angalieni kilichotokea hapo katikati. Hizi za sasa nyingi hazikusomeshi maandishi mwanzoni. Zinakuja zimeshajifunza kutoka kwa maelfu ya watu wengine, wewe unafungua tu unaongea. Ni nzuri kwa haraka, ila maana yake kama hao maelfu hawaongei kama wewe, umekwisha, huna pa kuifundisha. Zamani programu ilikuwa inamjifunza mtu lakini haijui Kiswahili, sasa inajua Kiswahili lakini haimjifunzi mtu. Sisi wa Kigoma tumepitwa mara zote mbili.

Chukua mfano wa Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi ya OpenAI, wale wenye ChatGPT, iliyotoka 2022, ambayo uzuri wake unaweza kuiweka kwenye kompyuta yako ikafanya kazi bila bando. Wenyewe walisema wameifundisha kwa masaa 680,000 ya sauti. Humo zaidi ya masaa 400,000 ni Kiingereza, halafu masaa 117,000 yakagawanywa kwa lugha 96, na mgao huo haukuwa sawa kwa sawa, lugha kubwa za Ulaya na Asia zikabeba furushi, Kiswahili kikapata makombo. Sasa ndani ya hayo makombo, jiulize mama wa Mwandiga anayeuza mawese yumo? Mvuvi wa Kibirizi yumo? Mtu aliyekua anaongea Kiha nyumbani na Kiswahili shuleni yumo? (Na ile modeli yake kubwa ndo yenye afadhali kwa Kiswahili, ila laptopu ya kawaida ikiibeba inahema, unaongea dakika moja unaenda kuosha vyombo unarudi bado haijamaliza.)

Kwa hiyo kumwambia mtu wa Kigoma abadilishe mdomo ili mashine imwelewe ni kumtwisha yeye kazi ya wenye mashine. Tena hata lugha sanifu yenyewe ilichaguliwa tu, 1928 wakubwa walikaa mkutano Mombasa wakachukua Kiunguja, Kiswahili cha Zanzibar mjini, haikushuka kutoka mbinguni, na hakuna aliyesema basi wengine wote wafunge midomo.

Kuna njia nyingine na ni ya bure. Mozilla, wale wenye Firefox ya kufungulia intaneti, wana mradi wa kukusanya sauti unaitwa Common Voice. Unaingia kwenye tovuti yao kwa simu au kompyuta, unachagua Kiswahili, inakuletea sentensi fupi unaisoma kwa sauti, basi. Watu wengine wanasikiliza wanasema sawa au sio sawa, na sauti ikishapata kura mbili za sawa inaingia kwenye hazina ambayo mtu yeyote duniani anayetengeneza programu anaruhusiwa kuichukua bure. Jina lako halihitajiki. Ukitaka unajaza umri na lafudhi, hutaki unaacha. Mwaka 2021 walipata dola milioni 3.4 kwa ajili ya kukikuza Kiswahili humo, kwa hiyo sio kamchezo ka vijana wawili gereji. Ila sauti zinatoka kwa anayejitokeza, na wanaojitokeza ni wenye bando na waliosikia habari zake, na huku habari hazijafika, mimi mwenyewe niliambiwa na mwanachuo aliyekuja kuchapa ripoti.

Walimu wa kompyuta wa sekondari zetu, kuanzia Kigoma mjini mpaka Kakonko, kipindi kimoja tu kinatosha darasa zima kusoma. Wazee msiachwe nyuma, sauti za wazee ndo adimu zaidi, na mtu asiyetaka kurekodi anaweza kusikiliza na kupiga kura, hiyo nayo kazi, bila wasikilizaji sauti zinarundikana tu.

Na kwako Mhariri nina ombi moja mahususi. Zile sentensi za kusomwa lazima ziwe huru, huwezi kuchukua kitabu cha mtu ukazimwaga humo, lakini gazeti lenu maandishi yake ni mali yenu. Mkiamua kutoa hata zile habari fupi fupi za mikoani za miaka iliyopita, ziingizwe kule kwa ruhusa yenu, majina kama Uvinza, Buhigwe, Kibondo, migebuka, mawese, vyote vitaanza kusomwa na watu na mashine itavizoea. Haiwagharimu kitu, ni ruhusa tu ya maandishi na mtu mmoja wa kuzipanga. Msipopenda zote, toeni za kanda ya magharibi.

Nikihitajika kuandika hatua moja moja za namna ya kujiunga kwa ajili ya ukurasa wenu wa teknolojia niko tayari, ila hizo nitazichapa kwa vidole hivi hivi vyangu, maana kwenye mambo yenye namba na nukta programu yangu bado siiamini.

Mpiga chapa mstaafu,
Katubuka, Kigoma