Leza: mpigo hurefushwa kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe dhana kwamba leza zenye nguvu kubwa hupatikana kwa kuongeza umeme tu. Mpigo wa mwanga unaodumu femtosekunde chache (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde), ukikuzwa nguvu moja kwa moja, huunguza kioo kile kile kinachoukuza. Wanafizikia Donna Strickland na Gérard Mourou walilitatua tatizo hilo mwaka 1985 huko Rochester, Marekani: waliupitisha mpigo katika uzi wa kioo wenye urefu wa kilomita 1.4, mawimbi marefu yakitangulia na mafupi yakifuata, wakaukuza ukiwa umetandazwa hivyo, nguvu yake ikiwa imesambaa isiunguze kioo, kisha wakaubana tena. Kwa maoni yangu, huko kuurefusha ndiko kulikowaletea sehemu yao ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2018, lakini hakutajwi ipasavyo.

Msomaji wako