Lori la dizeli limetiwa petroli? Usiguse swichi

Dereva akitupigia simu kwamba lori la dizeli limejazwa petroli, tunaanza na swali moja: umeliwasha? Nani kakosea tutajua baadaye. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama kazi itaisha leo leo au tutafungua pampu na nozeli, yaani vile vinyunyizio vya mafuta kwenye injini.

Kama hujawasha, chomoa ufunguo uweke mfukoni. Baadhi ya malori ya siku hizi yana pampu ya umeme inayoanza kusukuma mafuta mara tu unapofungua swichi, kabla hata hujapiga stata. Na usiwaite vijana wasukume. Lori lenye breki za upepo halichezewi hivyo. Liache hapo hapo mpaka livutwe.

Kosa lenyewe ni rahisi kufanya. Mdomo wa bomba la petroli kwa kawaida ni mwembamba kuliko wa dizeli, kwa hiyo unaingia kwenye tangi la dizeli bila kukwama popote.

Ubaya wa petroli utauelewa kwa vidole. Tone la dizeli ukilisugua linateleza kama oili. La petroli linakauka papo hapo na kuacha ngozi kavu, ya baridi. Sasa fikiria pampu ya presha, ambayo kwa injini nyingi hulainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake, huku ikisukuma kwa presha inayoweza kuzidi bar 1,600. Ukiipa petroli, chuma kinakwanguana na chuma. Chenga zake zinakwenda kwenye nozeli, na nyingine zinarudi tangini kupitia bomba la marejeo. Zikifika huko, zinaanza mzunguko upya.

Injini nayo inagoma. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, mafuta yake yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na petroli imetengenezwa isijiwakie ovyo namna hiyo. Ndiyo maana lori linakosa nguvu, linagonga, linatoa moshi, kisha linazima kilimani na mzigo wake.

Kuna ushauri unaozunguka sana: ongeza dizeli mpaka tangi lijae, itameza petroli. Hatuukubali. Chanzo chake tunakijua, maana baadhi ya vitabu vya magari ya zamani viliruhusu petroli kidogo wakati wa baridi kali, na pampu zile za kizamani zilivumilia. Za sasa hazina uvumilivu huo. Kusubiri yajitenge nako ni bure, kwa sababu petroli na dizeli si kama maji na mafuta, zikishachanganyika zimechanganyika.

Sisi tunaanza kwa kutoa waya za betri, kisha tunamwaga tangi mahali pa wazi, kamwe si juu ya shimo la karakana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama shimoni ukisubiri cheche. Dizeli peke yake huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo itoe mvuke wa kushika moto, lakini ikishaingiwa na petroli tunaihesabu kuwa petroli. Lori lenye matangi mawili yaliyounganishwa tunamwaga yote mawili, hata dereva akiapa alijaza moja tu. Baada ya hapo tunasafisha mabomba kwa dizeli safi, tunafunga filta mpya, tunatoa hewa, ndipo tunapiga stata kidogo kidogo.

Filta ya zamani hatuitupi. Tunaikata mbele ya mwenye lori na kuifungua karatasi yake chini ya taa. Ikiwa nyeusi tu, tunashukuru. Ikimetameta kama imenyunyiziwa unga wa fedha, pampu imeshajila, na hapo tutakuambia ukweli usioupenda: kubadilisha pampu peke yake ni kutupa pesa. Zile chenga zilizobaki kwenye reli (bomba la presha linalogawia nozeli mafuta), nozeli na tangi zitaiua na mpya.

Ukipiga simu, tuambie aina ya lori, idadi ya matangi, petroli imeingia lita ngapi na dizeli ilikuwemo kiasi gani. Kama uliwasha, sema tu, hatugombi mtu. Usiposema, filta itatuambia.