Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji na Chakula Majumbani Mwetu, Lamu

Wanachama wenzangu, wazee wetu na mama zetu, Assalaam alaykum.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya waliohudhuria vikao iko kwa katibu. Mimi nataka tukae na jambo moja: katika nyumba zetu maji na chakula hutoka mfuko mmoja, na chama kikivipanga mbalimbali hakitamsaidia mtu.

Angalieni mwaka wetu unavyokwenda. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikianza, masika huja nayo. Majabia, yaani mabirika makubwa ya kukingia mvua, ya Pate, Siyu na Faza hupata maji matamu, na mwenye pa kukingia nyumbani hukinga. Lakini ndiyo miezi ambayo bahari huchafuka, vyombo vidogo haviwezi kutoka nje ya miamba, na samaki wachache wanaofika sokoni huwashinda wengi bei. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia bahari hutulia na samaki hurudi; hapo maji nayo huanza kukimbia. Vuli ikiwa imekosa, kufikia Februari jabia hubaki na matope na bei ya mtungi wa lita 20 hupanda. Mwenye kipato kidogo hana msimu wa kupumua. Alichookoa kwenye samaki humezwa na maji, na alichookoa kwenye maji humezwa na samaki. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua mfululizo ikatupita mikono mitupu, ulitufikisha mahali ambapo vyote viwili vilikosekana kwa pamoja.

Mwaka huu wanachama walijitolea kupita majumbani Langoni, Gardeni na Wiyoni. Walitumia maswali 12 yaliyotungwa na watafiti na kujaribiwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo, kupima shida ya maji ya nyumba katika wiki 4 zilizopita. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na nyumba ikifika 12 kati ya 36 huhesabiwa kuwa haina uhakika wa maji. Asilimia sitazitoa. Hatukuchagua nyumba kwa njia ya kuwakilisha mji mzima, na sipendi takwimu ya chama chetu ikatembea kama ya Lamu nzima.

Lililotuzungumzisha sana ni swali la chakula: je, kuna siku mlibadilisha mlichokusudia kula kwa sababu maji yalikuwa shida? Akina mama walieleza bila kusita. Kunde kavu na maharagwe yataka kuoshwa, kurowekwa na kuchemshwa kwa muda mrefu, na maji ya chumvi huyachelewesha kuiva, kwa hiyo makaa nayo huisha. Siku ya uhaba chungu cha maharagwe hakiinjikwi. Watoto hupewa mkate na chai, au viazi vya kununua barabarani. Ukiuliza kama nyumba hiyo ina chakula utaambiwa kipo, na kweli kunde ziko kwenye kopo. Mtu wa kugawa msaada akihesabu magunia peke yake hataiona njaa hii. Wengine hupikia maji ya kisima hivyo hivyo, na wenye shinikizo la damu huzidishiwa chumvi wasiyoihitaji. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imeitaja haki ya chakula cha kutosha, na mara baada yake haki ya maji safi. Walioiandika waliviweka jirani, nasi tuviweke hivyo.

Mchezo wa matangi, yaani upatu wetu wa kuchangiana kwa zamu, umeendelea, na ndiyo kazi ninayoionea fahari zaidi. Kila zamu ikifika, fedha ya mchezo hununulia nyumba moja tangi na mfereji wa paa. Kwa ambao bado hawajajiunga, hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, hupokea lita 500, yaani mitungi 25, ukiondoa kidogo kinachomwagika. Maji ya kwanza yaachwe yapite, yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege. Wenye makuti hawakingi maji safi hivyo, na wengi wao ndio wasio na uwezo. Napendekeza waungane na jirani mwenye bati, tangi liwe la nyumba mbili, na makubaliano yaandikwe mbele ya katibu.

Kuhusu visima, maji matamu ya mji huu hutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Mvua huzama mchangani ikaelea juu ya maji mazito ya bahari. Tukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Kila nyumba inayojengwa juu ya matuta hayo hupunguza hazina ya mji mzima, na msimamo wa chama ni kupinga ujenzi huo hata kama mjenzi ni ndugu yetu.

Upande wa chakula tulianza ununuzi wa pamoja wa mchele na unga. Umesaidia, ingawa bado mdogo. Walikuwapo waliotaka fedha yote igawiwe vifurushi vya Ramadhani. Niliwaelewa, na sadaka hiyo iendelee kwa mchango wake wa pekee. Mfuko wa chama, kwa maoni yangu, ufanye kazi ambayo sadaka haifanyi: kuvusha nyumba kutoka msimu hadi msimu. Kama tunavyokinga mvua ya masika, tununue samaki wakati wa kaskazi, bei ikiwa chini, tuwakaushe ng'onda na kuwaweka hadi Juni na Julai. Wazee wetu wanajua kukausha. Tunachokosa ni chumvi ya kutosha, vichanja vilivyoinuliwa kutoka mchangani, na chumba kikavu.

Naleta maombi mawili mbele ya kikao. La kwanza, theluthi moja ya akiba iende kwenye vichanja na chumba hicho kabla ya Desemba. La pili, usafishaji wa majabia na mifereji ya paa ukamilike kabla ya mwisho wa Machi, kila mtaa ukitoa watu wake. Katibu anazo karatasi za kura, na wanaotaka kuingia mchezo wa matangi wajiandikishe kwake leo kabla ya kuondoka.