Kwa vijana wetu mnaoitwa wasaliti

Wanangu,

Nimesikia mmezomewa kwa kuketi na wapinzani wenu. Nawaandikia kutoka Arusha, mji alioishi kwa miaka mzee mmoja aliyeadhibiwa kwa kosa hilohilo.

Jina lake Jai Ram Reddy, wakili na mwanasiasa wa Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, katika jamii ya Wahindi ambao wazee wao walipelekwa kule na Waingereza kuanzia 1879 kulima miwa. Mwaka 1987 muungano wa vyama ambamo chama chake kilikuwamo ulishinda uchaguzi chini ya Dk. Timoci Bavadra, na Reddy akawa Mwanasheria Mkuu. Walitawala mwezi mmoja tu. Tarehe 14 Mei askari wa Luteni Kanali Sitiveni Rabuka waliingia bungeni wamefunika nyuso, wakawatoa kwa mtutu. Walisema wenyeji wanaogopa kutawaliwa na Wahindi. Katiba ya 1990 ikamfungia Mhindi mlango wa uwaziri mkuu.

Mtu aliyekupindua, ungeketi naye? Reddy aliketi. Rabuka alipokuwa waziri mkuu, walijadiliana hadi ikapatikana katiba ya 1997, na mlango ule ukafunguliwa. Mwaka huohuo alihutubia Baraza Kuu la Machifu wa wenyeji, kiongozi wa kwanza wa Wahindi kupewa heshima hiyo, akawaambia kuwa wao ni machifu wa watu wote wa Fiji. Hapa ndipo ninapompendea. Aliwaendea watu waliomwogopa, akapiga hodi, akaongea nao kama mtoto wa nyumba ile.

Mwaka 1999 akaingia uchaguzini bega kwa bega na Rabuka. Chama chake hakikupata hata kiti kimoja.

Nami ujanani niliwahi kuukataa mkono wa diwani wa upande wa pili, tena msibani. Wenzangu walinishangilia. Yule bwana alifariki kabla sijamwomba radhi, na mkono ule bado nauona.

Mwaka 2003 Reddy alichaguliwa jaji wa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, hapa kwetu. Miaka ile alisikiliza ushahidi wa mambo yanayofuata jirani anapofundishwa kumwogopa jirani. Desemba 2008, yeye na majaji wenzake wawili walimhukumu Kanali Théoneste Bagosora wa jeshi la Rwanda kifungo cha maisha kwa mauaji hayo, ambacho rufaa baadaye ilikipunguza hadi miaka 35. Reddy alifariki 2022.

Kwa hiyo msiombe radhi kwa kuketi. Ila kuna jambo moja naona lilimponza: wakubwa walikubaliana, na mkulima wa miwa akaletewa chakula kilichokwisha iva. Ninyi rudini kwenye kata zenu kila baada ya kikao. Waelezeni watu mmeachia nini na mmepata nini, nao wawagombeze wakiwa bado wana nafasi ya kubadili kitu.

Na mkienda tena kwa wale wa upande wa pili, nipitieni. Nitafika nanyi hadi mlangoni, na hodi nitapiga mimi.

Babu yenu,
Arusha