Hivyo si virusi, ni Kichina

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na mafundi wa kompyuta wa Kampala. Mimi nachapa lebo na vijitabu vya maelezo hapa Nasser Road. Wateja wangu wengi huagiza mashine China, na orodha za vipuri huwajia kama faili za maandishi matupu, majina yote kwa Kichina. Juzi mama mmoja anayeuza vipuri vya mashine za kusaga mahindi kule Kisenyi alinijia amefura kwa hasira. Orodha yake ilijaa takataka za herufi zisizosomeka, fundi akasema ni virusi, akafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kalipwa, kaondoka, takataka zipo palepale.

Zingeendaje? Kompyuta huhifadhi herufi kwa namba, na China ina mpangilio wake wa namba tangu 1980, GB 2312, uliopanuliwa baadaye. Namba hizo zikisomwa kwa mpangilio wa Ulaya Magharibi, salamu 你好 inageuka ÄãºÃ. Fundi akiona herufi kubwa zenye vikorombwezo namna hiyo, afungue faili kwa Notepad++, programu ya bure ya kuhariri maandishi, achague Kichina GB2312. Akiona ä, å, æ na ç zimetapakaa, basi faili ni ya UTF-8, mpangilio unaobeba herufi za lugha zote, na imesomwa vibaya. Ikitoka Taiwan, ajaribu Big5, mpangilio wa Kichina wa huko. Ni kazi ya dakika chache, na sioni kwa nini mtu alipishwe bei ya kusafisha mashine nzima.

Viboksi vitupu ni jambo jingine kabisa: maandishi ni mazima, ila fonti haipo. Noto Sans CJK, iliyotolewa na Google na Adobe mwaka 2014, haiuzwi. Ipakue, mambo yamekwisha.

Kinachonitisha ni alama za kuuliza. Ukikuta ????? mahali pa majina, mara nyingi kuna mtu aliyehifadhi faili kwa ANSI, mpangilio wa zamani wa Windows ambao kwenye kompyuta zetu haubebi Kichina. Notepad, programu ya maandishi ya Windows yenyewe, humwonya kabisa kwamba herufi zitapotea, lakini nani anasoma? Tunabonyeza OK kama tunavyokubali masharti ya mkopo wa simu. Hapo Kichina kimefutika, na fundi hata awe nani hawezi kukirudisha. Labda urudi kwenye barua pepe ya kwanza, kama hujaifuta. Kwa hiyo fundi atoe nakala ya faili kabla hajaigusa. Walimu wa vyuo vya kompyuta nao wangelifundisha hili wiki ya kwanza, kabla ya kupamba vichwa vya habari kwa rangi.

Nanyi mnaoagiza mizigo Guangzhou, mwambieni muuzaji ahifadhi orodha kwa UTF-8 na aambatishe PDF yake. Mimi Kichina sikisomi, lakini nikiwa na PDF naweza kulinganisha umbo kwa umbo kabla sijachapa lebo elfu moja.

Mchapaji,
Nasser Road, Kampala