Kwa wahubiri vijana: msihubiri ujumbe wa Hanania

Wanangu katika huduma, Bwana asifiwe.

Kuna aya mnayoipenda kuliko nyingine: Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi". Husomwa peke yake, kisha mhubiri hutangaza kwamba mwaka huu ni wa kufunguliwa, na waumini huitikia amina. Mwaka unakwisha, mgonjwa bado mgonjwa, naye anaanza kuamini kwamba Mungu amemdanganya au imani yake ni haba.

Rudini nyuma aya moja tu. Aya ya 10 inataja miaka 70. Hii ni barua iliyopelekwa Babeli kwa waliohamishwa pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK, wakiwemo mafundi na wafua chuma. Watu wazima wengi walioisikia ikisomwa wangezikwa ugenini. Ndiyo maana Yeremia anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji uleule uliowateka.

Sasa someni sura ya 28. Hanania, nabii wa uongo, aliahidi kwamba mateka na vyombo vya hekalu vingerudi ndani ya miaka miwili, akaivunja mbele ya watu nira aliyoivaa Yeremia shingoni kuwa ishara ya utawala wa Babeli. Lazima alishangiliwa. Anayeitumia 29:11 kuahidi jibu la haraka anahubiri ujumbe wa Hanania kwa maneno ya Yeremia, na kwa hilo siwezi kuwapakia maneno mafuta.

Basi fanyeni hivi. Mapema katika juma, someni sura nzima kwa sauti, pamoja na iliyotangulia na inayofuata, kabla ya kugusa kitabu cha ufafanuzi. Namba za aya zisiwafunge; za Agano Jipya tulizozizoea ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Kisha andikeni sentensi moja: andiko hili liliwaambia nini wasikilizaji wa kwanza? Chini yake andikeni ya pili: linatuambia nini sisi? Sentensi ya pili isipozaliwa na ya kwanza, ifuteni, hata kama ni tamu. Kwa Yeremia 29, ya pili yaweza kuwa: Mungu hajawaacha watu wake mahali wasipopataka, na kungoja kwao kuna kazi ya kufanya. Hapo mkimbizi na mwenye ugonjwa wa kudumu wana neno la kushika.

Historia isizidi dakika tano katika mahubiri ya nusu saa. Kosa hili huwapata zaidi waliotoka chuoni karibuni: wanamwaga majina ya wafalme mpaka watu wanasinzia. Chagueni jambo moja ambalo bila hilo andiko halieleweki. Hapa ni ile miaka 70.

Fedha za kale nazo zipimeni kwa siku za kazi, msizigeuze kuwa sarafu za leo. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta takriban dinari 6,000. Katika Mathayo 18, basi, mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, yaani ujira wa siku milioni 60, anamkaba mwenzake kwa dinari 100, yaani ujira wa siku 100. Semeni hesabu hiyo, kisha nyamazeni kidogo.

Na mkiihubiri 29:11, isomeni kwanza barua kuanzia aya ya 1 hadi ya 14, polepole, na asome mtu aliyeifanyia mazoezi tangu jana yake.

Mzee wenu katika huduma